Kuunganisha miksa ya dijitali kwenye mtandao wa ndani: mwongozo kamili kwa fundi mitambo

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa mafundi mitambo wa makanisani, kumbini na kwenye bendi ni lile lile. Miksa imewaka, ruta imewaka, kishikwambi kimeshika Wi-Fi, lakini programu inasema haioni miksa. Mwingine ameshaiona, ila mawasiliano yanakatika ukumbi ukijaa. Wa tatu amenunua kadi ya Dante, ile inayopeleka sauti kwenye mtandao wa kompyuta, ili arekodi chaneli zote 32, na anachopata ni sauti iliyojaa tiki-tiki.

Karibu kila mara vyombo ni vizima. Kinachokosewa ni kimojawapo kati ya vitu vitatu: waya umechomekwa kwenye tundu lisilo lake, anwani za mtandao (IP) hazikupangwa, au mtandao wa sauti umechanganywa na intaneti ya watu wengine. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, na usiruke kwenda inayofuata kabla hujaona dalili ya mafanikio niliyoandika mwishoni mwa kila moja.

Mfano wangu ni Behringer X32, kwa sababu ndiyo wengi wenu mnayo. Midas M32 inapangwa kwa njia ile ile. Ukiwa na miksa ya kampuni nyingine, majina ya kurasa yatabadilika lakini kazi haibadiliki.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Ruta ya kwenu wenyewe yenye Wi-Fi ya 2.4 GHz na 5 GHz. Haihitaji kifurushi wala laini ya simu.
- Waya za Cat5e au Cat6 za shaba tupu, zenye vichwa vya RJ45.
- Laptopu yenye tundu la waya wa mtandao. Kama haina, nunua adapta ya USB ya gigabiti.
- Kishikwambi au simu ya kuendeshea miksa.
- Kwa watakaofika kwenye Dante: kadi ya Dante ya miksa, swichi ya mtandao ya gigabiti, na leseni ya Dante Virtual Soundcard, programu inayoiwezesha laptopu kupokea sauti ya Dante.
- UPS (betri ya akiba ya umeme) ya kubeba miksa, ruta na swichi.
- Utepe mweupe na kalamu ya wino mzito.

Kuhusu waya, simama kidogo. Kariakoo na Luthuli Avenue zimejaa waya za aluminiamu iliyopakwa shaba juu, zinazouzwa kwa sura ya Cat6. Kwangua unyuzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo si shaba. Hukatika kirahisi inapokunjwa, na waya wa jukwaani hukunjwa na kukunjuliwa kila wiki. Boksi lake pia huwa jepesi kuliko unavyotarajia. Lipia shaba.

Ukibana vichwa mwenyewe, tumia mpangilio mmoja pande zote mbili: chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Waya mmoja wa mtandao usizidi mita 100 kati ya chombo na chombo.

## Hatua ya 1: Yajue matundu ya nyuma ya miksa

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na sababu inaeleweka. Nyuma ya X32 kuna matundu kadhaa yanayofanana. Yote yanapokea waya wa RJ45, lakini kila moja lina kazi yake.

ETHERNET ni la kuendeshea miksa tu. Hapa hupita amri: pandisha chaneli hii, shusha ile, onyesha mita. Sauti haipiti hapa hata kidogo, kwa hiyo usitegemee kurekodi kupitia tundu hili.

AES50 A na AES50 B ni ya kubeba sauti kwenda na kutoka kwenye boksi la jukwaani linalochomekwa maiki, kama S16, hadi chaneli 48 kila upande kwa tundu moja. Inatumia waya wa mtandao, lakini si mtandao wa kompyuta. Haipiti kwenye ruta wala swichi. Waya unatoka kwenye miksa moja kwa moja hadi kwenye boksi, na uwe wenye kinga ya chuma iliyoshikana na vichwa vya chuma pande zote mbili. Waya usio na kinga unaweza kufanya kazi siku nzima, kisha ukatoa mlio mkali mtu akigusa chuma cha jukwaa akiwa na umememtuli mwilini.

ULTRANET hupeleka chaneli 16 kwenye miksa ndogo za wanamuziki za P16. Nayo haipiti kwenye swichi. Angalia sana kigawio cha P16-D: matundu yake hupeleka umeme pamoja na sauti. Usichomeke ruta wala laptopu pale.

Tundu la Dante halipo kwenye miksa yenyewe. Liko kwenye kadi inayochomekwa nyuma.

Kabla ya kuendelea, kata vipande vya utepe uandike juu ya kila tundu: RUTA, JUKWAANI, P16, DANTE. Anayekusaidia kufunga mitambo usiku huku taa zimezimwa hatakumbuka maelezo yako, lakini atasoma utepe.

*Umefaulu ukiona:* kila waya unajulikana unatoka wapi na unakwenda wapi, na hakuna waya wa AES50 au ULTRANET unaoingia kwenye ruta au swichi.

## Hatua ya 2: Panga anwani kwenye karatasi kwanza

Vyombo viwili vinaonana vikiwa na anwani zinazofanana mwanzo na kutofautiana mwisho. Chukua mpango huu kama ulivyo:

- Ruta: 192.168.10.1
- Miksa: 192.168.10.20
- Laptopu na vishikwambi: vipewe na ruta yenyewe, kuanzia 192.168.10.100 hadi 192.168.10.199
- Kinyago cha mtandao (subnet mask) kwa vyote: 255.255.255.0

Nimechagua 10 katika nafasi ya tatu kwa makusudi. Ruta nyingi za nyumbani na ofisini hutoka kiwandani na 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Siku mtu akiunganisha ruta yako na ya ofisi, au laptopu ikiwa kwenye mitandao miwili, anwani zitagongana na miksa itapotea bila sababu inayoonekana.

Miksa ina anwani yake ya kudumu, nje ya zile zinazogawiwa na ruta. Ukiiweka miksa kwenye .100, ipo siku ruta itampa mpiga gitaa anwani hiyo hiyo.

Sasa ingia kwenye ruta kwa laptopu, badilisha anwani yake iwe 192.168.10.1, weka mipaka ya kugawa anwani, kisha weka nenosiri jipya la ruta. Tundu la ruta lililoandikwa WAN au INTERNET liache tupu. Miksa na laptopu vinachomekwa kwenye matundu ya LAN.

Nasisitiza hili la kuacha intaneti nje. Ukiunganisha ruta ya mitambo na intaneti ya jengo, watu wataomba nenosiri, simu zitaanza kujisasisha, na amri zako zitagombea njia na video za watu.

*Umefaulu ukiona:* laptopu iliyochomekwa kwenye ruta imepata anwani inayoanza na 192.168.10. Ikionyesha 169.254, ruta haijaipa anwani. Angalia waya na mipangilio ya ruta kabla ya kugusa miksa.

## Hatua ya 3: Ipe miksa anwani yake

Bonyeza SETUP kwenye X32, kisha sogeza kurasa hadi ufike network. Usichanganye na ukurasa wa remote, ambao ni wa kuendeshea programu za kurekodi.

Kwa vitufe vya kuzungusha vilivyo chini ya skrini, weka:

- IP: 192.168.10.20
- Kinyago: 255.255.255.0
- Lango (gateway): 192.168.10.1

Angalia kila namba mara mbili. Namba moja ikikosewa kwenye kinyago, vyombo vitaonekana kama viko kwenye mtandao mmoja ila havitaongea.

Chomeka waya kutoka ETHERNET ya miksa hadi LAN ya ruta.

*Umefaulu ukiona:* taa ya tundu hilo kwenye ruta inawaka. Ikibaki imezimika, badilisha waya kwanza, kisha tundu. Mipangilio haiwezi kuokoa waya mbovu.

Wenye XR18, miksa ya Behringer isiyo na feda, kwenu ni tofauti kidogo. Mbele ya chombo kuna kiswichi chenye nafasi tatu: Ethernet, Wi-Fi Client na Access Point. Kiweke kwenye Ethernet na utumie ruta ya nje. Wi-Fi iliyojengwa ndani ni ya 2.4 GHz tu, na boksi lenyewe mara nyingi huwa sakafuni nyuma ya spika. Kwa mazoezi ya sebuleni inatosha. Ukumbini haitoshi.

## Hatua ya 4: Jaribu kwa waya kabla ya Wi-Fi

Wengi hukimbilia kishikwambi, kisha hawajui kama tatizo ni Wi-Fi au anwani. Laptopu yenye waya inalimaliza swali hilo.

Zima Wi-Fi ya laptopu. Fungua dirisha la amri uandike:

ping 192.168.10.20

Majibu yakirudi, njia ipo. Yasiporudi, rudi hatua ya 2 na ya 3. Usifungue programu yoyote kwanza.

Njia ikiwepo, fungua X32-Edit, programu ya kompyuta ya kuendeshea X32, na uandike anwani ya miksa. Kwenye Windows, kompyuta ikiuliza aina ya mtandao, chagua wa binafsi, si wa umma. Ukichagua wa umma, kinga ya Windows (firewall) inaweza kuzuia programu huku ping ikijibu vizuri kabisa. X32 hutumia UDP, mlango wa programu (port) namba 10023. XR18 hutumia 10024. Ruhusu X32-Edit kwenye kinga hiyo.

Onyo kubwa: X32-Edit itakuuliza data iende upande gani, kutoka miksa kwenda kompyuta au kutoka kompyuta kwenda miksa. Chagua kutoka miksa kwenda kompyuta. Ukichagua kinyume, mipangilio mitupu ya laptopu itafuta kazi yote iliyo kwenye miksa: geni, EQ, monita, kila kitu. Hifadhi mipangilio ya miksa kwenye flashi ya USB kabla hujafungua programu hiyo kwa mara ya kwanza.

*Umefaulu ukiona:* ukisogeza feda ya chaneli 1 kwenye laptopu, ya kwenye miksa inasogea yenyewe papo hapo, na mita zinacheza bila kuganda.

## Hatua ya 5: Wi-Fi na kishikwambi

Kwenye ruta, tenganisha majina ya 2.4 GHz na 5 GHz, na kishikwambi kishike 5 GHz tu. Ukumbi ukijaa, 2.4 GHz hubeba Bluetooth, hotspot za simu za waumini, na hata baadhi ya maiki zisizo na waya, kama RØDE Wireless GO. Wakati wa kupima sauti mchana ukumbi uko mtupu na kila kitu kinakwenda vizuri. Watu wakiingia, mambo yanaharibika. Kwa hiyo jaribio la ukumbi mtupu halitoshi.

Chagua chaneli isiyobadilika kwenye 5 GHz, kwa mfano 36 au 44. Ukiiacha ijichagulie, ruta inaweza kuhama katikati ya kazi na kukukata.

Ruta iweke juu ya vichwa vya watu, mahali ambapo fundi anaiona kwa macho. Miili ya watu ina maji mengi na hunyonya mawimbi haya. Ruta iliyo chini ya meza ya miksa, nyuma ya raki ya chuma, haina msaada kwa aliye jukwaani anayepanga monita.

Sasa simu zenyewe. Simu na vishikwambi vya leo vikishika Wi-Fi isiyo na intaneti huona mtandao huo haufai, kisha vinauacha kimyakimya na kurudi kwenye bando. Ndiyo maana programu huiona miksa dakika mbili halafu ikaipoteza. Fanya haya:

- Zima data ya simu. Njia salama zaidi ni kuweka hali ya ndege, kisha kuwasha Wi-Fi peke yake.
- Simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali na uiambie ikumbuke.
- Kwenye Android, zima kuhamia data Wi-Fi ikiwa dhaifu. Kwenye iPhone, zima Wi-Fi Assist.
- Kwenye iPhone na iPad za iOS 14 na kuendelea, ruhusu programu kutumia mtandao wa ndani. Ukikataa mara ya kwanza, programu haitaiona miksa kamwe hadi urudi kwenye mipangilio ya faragha na kuiwasha.
- Futa kwenye kishikwambi mitandao mingine ya Wi-Fi iliyopo hapo ukumbini.

Programu ya kuendeshea miksa ninayoipendekeza ni Mixing Station, inayofanya kazi kwenye Android, iOS na kompyuta. Ikishindwa kuitafuta miksa yenyewe, andika 192.168.10.20 kwa mkono. Wanamuziki wanaotaka kupanga monita zao wape programu ya X32-Q, kwa sababu haimpi mpiga besi uwezo wa kugusa sauti ya ukumbi mzima.

*Umefaulu ukiona:* umetembea na kishikwambi hadi mlango wa nyuma, jukwaani na pembeni kote, ukisogeza feda moja, na haijaganda mahali popote. Rudia jaribio hilo watu wakiwa ndani.

Kama ulichotaka ni kuendesha miksa kwa mbali tu, nenda hatua ya 8. Zinazofuata ni za wanaobeba sauti kwenye mtandao.

## Hatua ya 6: Jenga mtandao wa Dante ukiwa peke yake

Dante ni teknolojia ya kampuni ya Audinate ya Australia, na hubeba sauti isiyobanwa kwenye mtandao wa kawaida wa kompyuta. Haitaki mtandao wenye msongamano. Kila chaneli ya 48 kHz na biti 24 ni takribani megabiti 1.2 kwa sekunde za sauti tupu, na kichelewesho cha kawaida ni milisekunde 1. Pakiti (kifurushi kidogo cha data) ikichelewa kuliko hapo hutupwa, nawe unasikia tiki.

Mpangilio wangu ni mitandao miwili isiyokutana:

1. Ruta, tundu la ETHERNET la miksa na vishikwambi.
2. Swichi ya gigabiti, kadi ya Dante na laptopu kwa waya.

Usiunganishe swichi na ruta. Dante ina pakiti za kutangazia vyombo vingi kwa pamoja, na zikiingia kwenye Wi-Fi zinaweza kuizamisha kabisa. Dante yenyewe haiendi kwa Wi-Fi. Waya tu.

Kwenye swichi, zima kipengele cha kuokoa umeme, kile kinachoandikwa EEE, 802.3az au Green Ethernet. Huilaza njia kwa vipande vidogo vya muda, na saa ya Dante huyumba. Swichi nyingi za bei ya chini hazina mahali pa kukizima, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Kizime pia kwenye kadi ya mtandao ya laptopu.

Kadi ina tundu la kwanza na la pili. Kwa swichi moja tumia la kwanza tu. La pili ni la swichi nyingine ya akiba, na likiwa katika hali hiyo ya akiba usilichomeke kwenye swichi ile ile.

Anwani usiziguse. Bila ruta, vyombo vya Dante na laptopu hujipa anwani za 169.254, na hapa hiyo ni sahihi.

*Umefaulu ukiona:* programu ya bure ya Dante Controller inaonyesha kadi ya miksa kwa jina lake. Isipoonekana, hakikisha Dante Controller imechagua tundu la waya na si Wi-Fi.

## Hatua ya 7: Saa moja, kisha njia za sauti

Tiki-tiki nyingi hutoka hapa. Vyombo vyote lazima vihesabu sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti vinavyochukuliwa kila sekunde, kwa kufuata mapigo ya saa moja. Vikiwa na saa mbili, sampuli zitazidi au kupungua kidogo kidogo, na kila ziada inasikika kama tiki.

Kwenye X32, SETUP kisha config, weka 48 kHz na chanzo cha saa kiwe kadi. Boksi la AES50 litaifuata miksa. Kwenye Dante Controller, ukurasa wa hali ya saa uonyeshe kiongozi mmoja tu, na wengine wote wafuasi.

Kisha panga njia:

1. Kwenye ROUTING ya miksa, upande wa kadi, chagua makundi ya chaneli nane nane. Ukichukua moja kwa moja kutoka LOCAL (maiki zilizochomekwa kwenye miksa yenyewe) au AES50, unarekodi maiki kabla ya EQ na kompresa, na hivyo ndivyo inavyofaa kwa kuchanganya baadaye.
2. Washa Dante Virtual Soundcard kwenye laptopu, kichelewesho milisekunde 10 kwa kurekodi.
3. Kwenye Dante Controller, wanaotuma wako juu na wanaopokea wako kushoto. Bofya pale mistari inapokutana.

Hesabu nafasi ya diski kabla ya tukio. Chaneli 32 za 48 kHz, biti 24, hula takribani GB 16.6 kwa saa moja. Mkesha wa saa sita unataka GB 100.

*Umefaulu ukiona:* alama ya kijani kwenye kila njia, na umerekodi nusu saa nzima kisha ukasikiliza sehemu zenye ukimya bila kusikia tiki hata moja.

## Hatua ya 8: Umeme, kumbukumbu na kufunga

Weka ruta na swichi kwenye UPS ile ile ya miksa. Jenereta ikichelewa kuwaka, miksa inaweza kurudi haraka, lakini ruta huchukua muda kuamka na vishikwambi huchukua muda mwingine kuirudia.

Hifadhi mipangilio ya miksa kwenye flashi, na ya ruta kwenye laptopu. Andika anwani zote kwenye kadi ndogo uibandike chini ya kifuniko cha kasha la miksa. Nenosiri la Wi-Fi usiliandike hapo.

## Ikigoma siku ya kazi

Programu haioni miksa, laptopu yenye waya inaiona: tatizo ni Wi-Fi au ruhusa za simu. Hatua ya 5.

Hata laptopu yenye waya haiioni: taa ya tundu kwanza, ping ya pili, kinga ya Windows ya tatu.

Boksi la jukwaani limepotea lakini kishikwambi kinafanya kazi: waya wa AES50. Ubadilishe wote, usijaribu kubana kichwa kipya dakika kumi kabla ya kuanza. Shusha feda kuu kabla ya kuchomoa.

Dante ina alama ya kijani lakini kimya: njia ya mtandao ipo, ROUTING ya miksa haipeleki kitu kwenye kadi.

Tiki kila baada ya sekunde chache: saa. Angalia kiongozi ni mmoja, na miksa inafuata kadi.

Kila kitu kimeganda kwa pamoja kwenye swichi: kuna waya umechomekwa ncha zote mbili kwenye swichi moja. Chomoa waya mmoja mmoja hadi taa ziache kumweta zote kwa mpigo.